Kilele cha 256: Kikokotoo cha Grafu na Hesabu ya Sharaf al-Din al-Tusi



Katika wiki ya da'awa ya muhula uliopita jumuiya yetu iliweka meza karibu na maktaba, na nyuma ya meza tukatundika bango lenye maneno makubwa: WAISLAMU NDIO WALIOANZISHA ALJEBRA. Mimi ndiye niliyepangiwa zamu ya baada ya Adhuhuri. Akapita kijana mmoja wa uhandisi, si Muislamu, mtu mwenye adabu zake. Akalisoma bango hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Sheikh, nipe hesabu moja waliyoifanya hao wazee wenu. Moja tu, tuifanye hapa hapa." Nikamtajia al-Khwarizmi. Akasema jina hilo analijua tangu sekondari, anachotaka ni hesabu. Nikanyamaza. Akanishukuru, akaenda zake, nikabaki na bango langu.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, na hesabu niliiaga nilipomaliza S.4. Ninachokumbuka vizuri ni sehemu za mirathi, kwa sababu somo la faraidhi halikuachi uzisahau. Lakini swali la yule kijana lilinikaa kifuani likizo nzima. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Na nimelipata mahali ambapo sikutarajia: ndani ya kikokotoo cha grafu, kile ambacho ndugu zetu wa uchumi na uhandisi hukibeba kila siku kutafutia kilele na bonde la fanksheni.

Hesabu yenyewe ni hii. Una kamba ya urefu wa 12. Ikate vipande viwili. Kipande cha kwanza kizidishe kwa chenyewe, kisha jibu lake lizidishe kwa kipande cha pili. Ukate wapi ili upate jibu kubwa kuliko yote?

Ukikata katikati, kila kipande ni 6: sita mara sita ni 36, mara sita tena ni 216. Watu wengi niliowauliza walidhani hilo ndilo jibu, kwa sababu nusu kwa nusu inaonekana ni haki. Lakini kata kwenye 7, uache 5: 49 mara 5 ni 245. Imezidi. Basi kilele kipo mbele zaidi, na kazi yetu ni kukifikia.

Kiite kipande cha kwanza x. Cha pili kitakuwa 12 − x, na fanksheni yetu ni x²(12 − x). Niliazima TI-84 ya mwenzangu wa hosteli, nikabonyeza Y=, nikaandika X²(12−X), nikabonyeza GRAPH. Nilichokiona kilinidanganya. Mstari ulishuka kutoka juu upande wa kushoto, ukagusa sifuri katikati, ukapanda tena na kupotea juu ya kioo. Kama bakuli. Mtu asiye na subira angeandika kwenye karatasi ya mtihani: fanksheni hii ina bonde moja kwenye 0, na haina kilele. Angekosa, na kikokotoo kisingemwonya hata kidogo.

Sababu ni kwamba kikokotoo hakichori fanksheni yote. Kinachora kipande kinachoonekana kupitia dirisha, na dirisha la kawaida la TI-84 ni kutoka −10 hadi 10 kwa upana, na −10 hadi 10 kwa kimo. Kilele chetu kiko juu mno, zaidi ya mia mbili. Ni kama kuutazama Mlima Elgon kupitia tundu la ufunguo ukasema ni tambarare. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote bonyeza WINDOW, uweke Xmin −2, Xmax 13, Ymin −50 na Ymax 300. Nilijuaje kuwa 300 inatosha? Kutokana na zile hesabu mbili nilizofanya kwa mkono, 216 na 245. Dakika moja ya kalamu kabla ya kushika mashine inaokoa mengi. Bonyeza GRAPH tena: sasa kilima kinaonekana kizima, kimeanzia kwenye 0, kimepanda, kimeshuka hadi 12.

Sasa kilele. Bonyeza 2ND kisha TRACE, utapata orodha ya CALC. Namba 3 ni minimum, ya kutafuta bonde, na namba 4 ni maximum, ya kutafuta kilele. Chagua 4. Mashine itakuuliza mambo matatu. La kwanza ni Left Bound, yaani mpaka wa kushoto: sogeza alama hadi mahali palipo kushoto kwa kilele, au andika tu namba, mfano 6, ubonyeze ENTER. La pili ni Right Bound, mpaka wa kulia: andika 10, ENTER. La tatu ni Guess, kisio lako: andika 8 au sogeza alama karibu na kilele, ENTER. Chini ya kioo itatokea X na Y. Y ni 256. X ni 8, au kitu kama 7.9999983, au 8.0000021. Nitalirudia hili la desimali, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi.

Mwenye Casio ya grafu kama fx-9750GII, ukishachora bonyeza SHIFT kisha F5 kufungua G-Solv. F2 ni MAX, F3 ni MIN. Mwenye simu aweke GeoGebra, aandike fanksheni kisha amri ya Extremum, na programu itaweka nukta kwenye kilele na bonde. Na asiye na vyote hivyo, ambaye ndiye wengi wetu, atumie kile kikokotoo cha kawaida cha fx-991ES PLUS. Bonyeza MODE, chagua 7, TABLE. Andika fanksheni, Start 0, End 12, Step 1. Utapata jedwali: 0, 11, 40, 81, 128, 175, 216, 245, 256, 243, 200, 121, 0. Kilele kinaonekana kiko karibu na 8. Rudia kwa Start 7.5, End 8.5, Step 0.1, uone kwamba 7.9 inatoa 255.881 na 8.1 inatoa 255.879. Zote mbili ziko chini ya 256. Njia hii ni ya polepole lakini mimi naipenda kuliko grafu, kwa sababu unaona kwa macho yako jinsi namba zinavyopanda na kugeuka.

Lakini mpaka hapa tumeona tu kwamba 8 inashinda 7.9 na 8.1. Nani kasema haishindwi na 8.0003? Jedwali haliwezi kutuhakikishia, kwa sababu kati ya namba mbili daima kuna nyingine. Grafu nayo ni jedwali lililopakwa rangi, imeundwa kwa nukta nukta. Na hapa ndipo anapoingia mzee wetu.

Sharaf al-Din al-Tusi alitoka Tus, Khurasan, akafundisha Damascus, Halab na Mosul, akafariki karibu mwaka 1213. Msimchanganye na Nasir al-Din al-Tusi, yule mnajimu maarufu aliyefariki 1274. Wanatoka mji mmoja, na kuna mnyororo wa elimu kati yao: Sharaf al-Din alimfundisha Kamal al-Din ibn Yunus huko Mosul, naye Kamal al-Din akaja kumfundisha Nasir al-Din. Sisi tuliozoea isnadi tunauelewa mnyororo huu bila kuelezwa.

Sharaf al-Din aliandika kitabu cha milinganyo yenye vipeo vya tatu. Kabla yake Omar Khayyam, aliyefariki 1131, alikuwa ameipanga milinganyo hiyo katika aina zake na kuitatua kwa kuchora: unachora mistari miwili iliyopinda, na mahali inapokutana ndipo lilipo jibu. Ukifungua ile orodha ya CALC utakuta namba 5, intersect, inayotafuta mahali michoro miwili inapokutana. Ni kazi ya aina ile ile. Sharaf al-Din aliuliza swali la mbele zaidi: je, kama haikutani? Tutajuaje mapema kwamba mlinganyo fulani hauna jibu, badala ya kuutafuta hadi alfajiri?

Alizikuta aina tano za milinganyo ambazo huenda zisiwe na jibu. Moja wapo, kwa herufi zetu za leo, ni x³ + c = 12x², na badala ya 12 inaweza kuwa namba yoyote chanya. Yeye hakuwa na x wala alama ya kujumlisha. Alitumia maneno. Kisichojulikana kiliitwa shay', yaani kitu. Mraba wake uliitwa mal, ambalo ndilo neno letu mali. Na kipeo cha tatu kiliitwa ka'b, mzizi mmoja na jina la Al-Kaaba. Kwa hiyo mlinganyo ule ungesomeka: ka'b na idadi ni sawa na mali kumi na mbili. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Miaka yote niliona hesabu ni lugha ya watu wengine, kumbe nusu ya msamiati wake nilikuwa nao.

Sasa utazame mlinganyo huo kwa utulivu. x³ + c = 12x² ni sawa na kusema c = 12x² − x³, na hiyo ni c = x²(12 − x). Ile kamba yetu! Kwa hiyo kuuliza kama mlinganyo una jibu ni kuuliza kama c inaweza kufikiwa na kile kilima. Kama kilele ni 256, basi c ya 300 haifikiki na hakuna jibu. c ya 256 yenyewe ina jibu moja tu, 8. Na c iliyo chini ya 256 ina majibu mawili, moja wakati wa kupanda kilima na lingine wakati wa kushuka. Weka Y2 = 216 kwenye kikokotoo, utumie intersect, utaona: moja ni 6, tuliyoipata tulipokata katikati, na la pili ni 9.708 hivi.

Basi kila kitu kinasimama juu ya kile kilele, na Sharaf al-Din hakutosheka kukisia kilipo. Alisema kiko kwenye theluthi mbili za urefu, kisha akathibitisha kwamba ukienda mbele ya hapo au nyuma yake unapata pungufu. Yeye alifanya kwa vipande vya mistari na kwa maneno, upande mmoja mmoja. Mimi naleta kiini cha hoja hiyo kwa herufi zetu, na naomba uchukue kalamu uifuate, kwa sababu hapa ndipo ulipo utamu wote.

Theluthi mbili za 12 ni 8. Tuseme hukukata kwenye 8 sawasawa. Ulikata kwenye 8 + h, na h ni kosa lako, dogo au kubwa, chanya au hasi. Kipande cha pili kimebaki 4 − h. Mraba wa 8 + h ni 64 + 16h + h². Uzidishe kwa 4 − h. Utapata 256, kisha 64h ya kuongeza, kisha 64h ya kupunguza. Hizo mbili zinafutana. Kinachobaki ni

256 − 12h² − h³

ambayo ni 256 − h²(12 + h).

Itazame hiyo. h² haiwezi kuwa hasi kamwe. Na 12 + h? Kamba ina urefu wa 12, umekata kwenye 8, kwa hiyo h haiwezi kushuka chini ya −8 wala kupita 4. 12 + h daima iko kati ya 4 na 16, ni chanya. Kwa hiyo kila kosa, liwe la mbele au la nyuma, linakutoa kitu kutoka kwenye 256. Hata 8.0003. Hakuna namba iliyobaki ya kuogopa. Kikokotoo hakiwezi kukupa maneno hayo, kwa sababu chenyewe hujaribu namba moja moja tu, hata kama kinazijaribu haraka.

Na zile 64h mbili zilizofutana? Kama zisingefutana, kosa dogo la upande mmoja lingekuongezea na la upande mwingine lingekupunguzia, maana yake bado uko kwenye mteremko. Zikifutana, uko juu, pametulia. Wenzetu wa kalkulasi huliita jambo hilo mteremko kuwa sifuri: wanatafuta 24x − 3x² = 0, wanapata 0 na 8, bonde na kilele.

Je, ina maana Sharaf al-Din aligundua kalkulasi? Mwanahistoria Roshdi Rashed, aliyekitoa kitabu hicho Paris mwaka 1986, aliona ndani yake fikra ya mteremko. Wengine wamejibu kwamba angeweza kufika hapo kwa jiometri ya Wayunani aliyoirithi. Mimi si mtu wa kuwaamulia. Ninachoomba ni kwamba bango letu lijalo lisiandikwe WAISLAMU WALIGUNDUA KALKULASI, maana kuna kijana atakuja kuuliza, na zamu itakuwa ya mtu fulani.

Nirudi kwenye desimali kama nilivyoahidi. Mtu anapata 7.9999983, anainakili hivyo hivyo kwenye mtihani, anakatwa maksi, analaumu mashine au mhadhiri. Ile hoja ya h inaeleza sababu. Weka h = 0.001: kilele kinapungua kwa takriban 0.000012 tu. Weka h ndogo zaidi, upungufu unakuwa mdogo kiasi kwamba kioo hakina nafasi ya kuuonyesha. Juu ya kilima pametandazika sana. Mashine imefika, lakini haiwezi kutofautisha nukta ya katikati na jirani zake. Ndiyo maana Y huwa safi na X huwa chafu. Ukiona 7.9999983, rudisha 8 kwenye fanksheni kwa mkono, uhakikishe inatoa 256, kisha uandike 8.

Kuna mtego mwingine, nao ni mipaka. Sogeza dirisha kushoto hadi −5 na upandishe Ymax hadi 500. Utaona mstari unapanda upande ule: kwenye −4 unafikia 256 tena, kwenye −5 unafikia 425. Kwa hiyo 256 si thamani ya juu kabisa ya fanksheni kila mahali. Ni ya juu kabisa kati ya 0 na 12, ambako kamba ipo. Sharaf al-Din hakuhitaji kuonywa, kwa sababu kwake x ilikuwa urefu, na urefu hauwi hasi. Dirisha lake lilikuwa tayari kichwani. Sisi ndio inatubidi tuliweke kwa mkono, na swali likisema "kati ya −5 na 12" lazima ukague na ncha zote mbili, kwa sababu jibu linaweza kukaa mpakani ambako hakuna kilima chochote.

Kwa wanaotaka kujaribu kwa mikono, chukueni karatasi ya A4, sentimita 29.7 kwa 21. Katika kila kona kata mraba wa upande x, kisha kunja kuta, upate kisanduku kisicho na kifuniko. Hivi ndivyo tunavyotengeneza visanduku vya tende za futari, isipokuwa huwa tunakata kwa kukadiria. Ujazo wake ni x(29.7 − 2x)(21 − 2x). Kilele cha kikokotoo kiko kwenye x ya 4.04 hivi, na ujazo ni kama sentimita za ujazo 1128. Mashine itakuonyesha pia bonde, karibu na 12.86. Usilishughulikie. Upana wa karatasi ni 21, huwezi kukata 12.86 kila upande. Kisanduku hicho kina ujazo hasi, na sijui kingebeba tende gani. Dirisha la haki hapa ni kutoka 0 hadi 10.5.

Ukitumia manila ya mraba, 30 kwa 30, kikokotoo hata hakihitajiki. Ukiuita upande wa sakafu y, kimo kitakuwa nusu ya 30 − y, na ujazo ni nusu ya y²(30 − y). Ni ile kamba tena, safari hii ya urefu wa 30. Theluthi mbili ni 20, kata sentimita 5 kila kona, ujazo ni 2000.

Yule kijana wa uhandisi nilimkuta wiki ya pili ya muhula huu, kwenye foleni ya chakula. Nikamwomba kalamu, nikamchorea kamba ya 12 nyuma ya risiti. Alipofika kwenye zile 64h mbili alizikata mwenyewe kabla sijamwambia, akaitazama ile risiti kitambo, kisha akaniuliza zile aina nyingine nne za milinganyo ni zipi. Tumekubaliana kuzitazama Jumamosi baada ya Alasiri katika chumba cha darsa, na mlango uko wazi kwa kaka na dada yeyote. Aje na hesabu hii ameshaifanya: x³ + c = 15x². Tafuta c kubwa kuliko zote inayoupa mlinganyo huo jibu chanya, kwanza kwa kikokotoo, kisha kwa h.

Wabillahi tawfiq.